Kutoka Somanga hadi Kitunda

"Zikeni," nilisema.

Neno moja tu, kwenye simu iliyobakiwa na chaji ya kuhesabu, nikiwa nimesimama kando ya barabara karibu na Somanga, suruali imelowa tope hadi magotini. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, saa mbili na nusu asubuhi. Huko Lindi, ng'ambo ya maji, Kitunda, watu walikuwa wamekaa barazani kwa mama mkubwa wakisubiri niseme. Alikuwa amekata roho alfajiri ile. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Alinilea mimi, mtoto wa mdogo wake, tangu nikiwa na miaka minne, na kwa taratibu zetu mtu wa namna yangu huulizwa kwanza: tukungoje, au tumsitiri?

Mbele yangu palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita kwa kishindo mahali ambapo juzi yake palikuwa na lami. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimekwisha nguvu tangu Jumamosi, baada ya kusogea hadi jirani na Mafia, ila mvua yake ilikuwa bado inateremka mitoni, na ilikuwa imeikata barabara ya Kusini zaidi ya mahali pamoja, hapo Somanga na huko Mikereng'ende. Nyuma yangu mabasi na malori yalipanga foleni nisiyoona mwisho wake. Tulikuwa tumelala humo. Akina mama wa Somanga, ambao siku zote hutupitishia sahani za samaki wa kukaanga madirishani, walikuja na sufuria za uji, na mmoja wao alikataa kabisa fedha ya mzee mmoja aliyekuwa anasafiri na mjukuu mgonjwa. Alfajiri wanaume tulitandika makanzu na magunia juu ya kifusi tukaswali hapo hapo, madereva na abiria, bila kujua kibla kwa hakika, tukilifuata wingu lililoanza kupambazuka.

Tangu mama mkubwa alipoanza kuugua nilikuwa nimejipangia jambo moja. Siku ikifika, mimi ndiye nitakayeshuka kaburini kumpokea. Alinitaka hivyo mwenyewe, miaka mingi kabla, tukiwa tunakuna nazi, kama mtu anayekutuma dukani: "Utanishusha wewe, baba." Nikamjibu nitamshusha, panapo majaliwa. Sikufika Lindi Jumatatu ile, wala kesho yake. Nilipofika, ilikuwa siku ya hitima.

Sasa niseme lisilosemwa msibani. Safari ile niliiahirisha mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya kazi niliyodhani haiwezi kungoja. Leo hii hata siikumbuki vizuri ilikuwa ripoti gani. Mara ya pili kwa sababu mama mkubwa mwenyewe aliniambia kwa simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usijisumbue baba, njoo ukitulia," nami nikachagua kumwamini kwa kuwa ilinifaa. Kiti nilichokiacha kilikuwa cha basi la Jumamosi, tarehe 27 Aprili. Siku ile barabara ilikuwa inapitika.

Watu walinipa pole kwa maneno yale tunayopeana wote. Mungu kapanga. Ndiyo kudra yake. Ingekuwa kheri ufike ungefika. Nayaheshimu maneno hayo, nimelelewa nayo, na waliyoyasema waliyasema kwa upendo. Lakini mimi niliyapokea haraka mno. Usiku nikibaki peke yangu niliona kwamba nimejificha nyuma yake kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango huku miguu inaonekana. Nilikuwa namtwisha Mungu mzigo ambao nusu yake ilikuwa yangu. Na nilipojaribu kuutwaa wote mwenyewe, kwamba kila kitu ni kosa langu, hata mvua, nilishindwa kuamka kitandani. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima, naswali, nafunga, na moyoni sijui nimtegemee Mungu kwa lipi hasa.

Ndiyo maana mwezi Mei mwaka 2025 nikapanda basi tena Mbagala, safari hii bila haraka yoyote, nikiwa na wiki mbili mkononi.

Njia ya Kusini ina somo lake kabla hujafika popote. Baada ya Ikwiriri unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, refu la karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake palikuwa na kivuko cha Ndundu, na masika ikishika watu walikaa kingoni siku kadhaa, pengine wiki. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, kilichelewa kutiwa lami kuliko vipande vingine vyote vya njia hiyo. Nadhani ndiyo sababu watu wa Kusini hawasemi "kesho nitakuwa Lindi." Wanasema tukijaaliwa, au panapo majaliwa, au inshaallah, na hawasemi kwa kupamba maneno. Kwa vizazi vingi hakuna aliyejua atafika lini. Mama mkubwa alikuwa akipanga safari ya Dar es Salaam anafunga chakula cha siku tano kwa njia ambayo leo ni ya saa nane.

Tukapita Muhoro. Konda hakusema kitu, abiria wengi walikuwa wamelala, lakini mimi nikipita hapo huwa naamka. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale hapo tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Majimaji kuwaka upande wa Umatumbi. Kutoka Ngarambe alikuwa amewapa watu maji, na imani kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Walikufa wao, kisha njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa ikaua wengi zaidi ya risasi. Sitaki kuwahukumu wazee wale. Walikuwa wanalimishwa pamba kwa kiboko, na imani yao iliunganisha makabila ambayo hakuna aliyedhani yangeungana. Ila kila nikipita Muhoro najiuliza kama na mimi tawakali yangu haikuwa maji ya namna ile, kitu cha kujipaka ili risasi isinipate. Nilimtegemea Mungu kwa sharti kwamba nifike.

Hapo Somanga magari yalikuwa yanapita kwa zamu, mafundi wakiendelea na kazi ya madaraja kando. Nilipatafuta mahali niliposimama mwaka uliotangulia, sikupaona. Nyasi zilikuwa zimeota.

Nangurukuru nikashuka, nikachukua bodaboda hadi Kilwa Masoko. Nilitaka kufika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kabla ya kwenda Lindi, sehemu ambazo mama mkubwa aliahidi kunipeleka nikiwa mdogo na hakuwahi kupata nauli. Nahodha nilimkuta ufukweni, maji yamekupwa, mashua yake imelazwa ubavu juu ya mchanga. Alikuwa anakalafati. Mkono mmoja patasi butu, mwingine nyundo ya mti, na begani pamba iliyosokotwa kama utambi na kulowekwa mafuta. Anaisukumiza kwenye mwanya wa mbao kwa mapigo mafupi, anasogea kadiri ya upana wa vidole viwili, anapiga tena. Akifika mahali mlio unapobadilika anarudi nyuma, anaichokoa pamba yote, anaanza upya. Mwanya ulioshiba, aliniambia, hutoa mlio mkavu. Usioshiba huitika kama mtungi. Mimi sikuwa nasikia tofauti yoyote. Nilikaa pale zaidi ya saa moja, na kuelekea mwisho nikaanza kuisikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kusi."

Tulipatana bei ya Songo Mnara kwa siku ya pili, nikamlipa. Asubuhi nikafika nimebeba maji na mkate. Nahodha alikuwa ameketi juu ya gogo anatazama mlango wa bahari, mikono mapajani. Mashua inaelea, tanga limekunjwa vizuri. Akaniambia Kisiwani tutavuka, ila Songo Mnara hapana, na akanirudishia nusu ya fedha kabla sijasema lolote.

Nikamwambia mashua ni nzima, nimeshuhudia mwenyewe jana ikikalafatiwa.

"Chombo changu," alisema. "Bahari si yangu."

"Basi si tutawakali, mzee?"

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima iwapo mwenzake anauliza kweli au anashindana. Nilikuwa nauliza kweli, na nadhani alilijua hilo. "Tawakali ni ukishatweka tanga, mwanangu," alisema. "Ukiwa bado nchi kavu una hiari yako. Itumie."

Chuoni, nikiwa na miaka saba au minane, mwalimu alitusimulia habari ya yule bwana aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kuwa anamtegemea Mwenyezi Mungu, na Mtume akamwelekeza amfunge kwanza, ndipo ategemee. Tulikuwa tukiirudia kwa pamoja kwa sauti. Miaka 40 imepita, na ilibidi nahodha wa Kilwa anirudishie fedha ndipo nielewe kwamba ngamia wangu mimi alikuwa lile basi la tarehe 27 Aprili. Sikumfunga. Hilo si kudra, ni langu. Jambo la ajabu ni kwamba kulitamka hivyo, kimoyomoyo, nimesimama majini nikisaidia kuisukuma mashua, kulinipa nafuu ambayo pole zote za mwaka mzima hazikunipa. Kosa lenye mipaka linabebeka.

Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani si mpana, na kwa upepo ule tulivuka upesi. Kwa nahodha wa zamani hapa ndipo palikuwa mwisho wa hesabu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Uajemi, kusi ikayarudisha, na Kilwa ilikuwa karibu kabisa na upeo wa mahali ambapo chombo kingeweza kushuka na kurudi katika msimu mmoja. Mwenye kuchelewa kuondoka alingoja mwaka mzima. Mji mzima wa mawe, dhahabu ya Sofala, pembe, nguo za Kihindi, vyungu vya Kichina, vyote vilisimama juu ya kitu ambacho hakuna tajiri aliyeweza kukinunua wala kukiharakisha.

Ngome ya Gereza niliipita bila kusimama sana. Nimechoka na ngome. Wareno waliuteka mji huu mwaka 1505, wakajenga ngome yao, wakaiacha mwaka 1512, wala wao hawakupata walichokifuata.

Msikiti Mkuu ni jambo jingine. Unaingia kwenye kivuli cha nguzo na matao, mwanga unateremka kutoka kwenye vikuba vilivyopasuka, na sauti yako inarudi ikiwa ndogo zaidi. Upande wa kaskazini ni wa zamani zaidi, wa karne za mwanzo za mji. Upande wa kusini, mkubwa, uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu aliyekwenda kuhiji akiwa kijana na kusoma Aden kabla hajatawala, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta alimkuta hapa mwaka 1331 akamsifu, na kuwasifu watu wa Kilwa kwa dini yao. Habari za kale za mji zinasimulia kwamba msikiti ule uliopanuliwa kwa fahari ulianguka, na muda mrefu ukapita watu wakiswali kwingine, mpaka Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyetawala kuanzia mwaka 1421 hadi 1442, alipousimamisha tena. Kwa hiyo palikuwa na waumini waliozaliwa, wakaswali maisha yao yote na kuzikwa, msikiti wao mkuu ukiwa kifusi. Niliswali rakaa mbili hapo nikiwafikiria wao kuliko masultani.

Kutoka msikitini hadi Husuni Kubwa ni mwendo kidogo, kwenye njia ya mchanga kati ya mibuyu na minazi, kuku na mbuzi wa wenyeji wakikupisha. Kijana wa kisiwani aliyekuwa akituongoza alitembea mbele, peku. Halafu ardhi inainuka, na uko juu ya genge, bahari chini yako, na mbele yako kuna kasri. Ni jengo lenye vyumba zaidi ya 100, la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye ua wa biashara upande wa kusini, ngazi za kushukia ufukweni, na katikati birika la kuogea la pembe nane. Nilikaa ukingoni mwa birika. Mjusi alikuwa anaota jua pale ambapo mfalme alikusudia kutia miguu yake majini.

Nasema alikusudia kwa sababu Husuni Kubwa haikukamilika. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba kasri hili, lililojengwa wakati wa al-Hasan bin Sulaiman huyo huyo, lilitumika kwa muda mfupi tu, kisha likaachwa kabla ya kumalizika. Ndilo jengo kubwa kuliko yote ya mawe ya zama zake katika pwani hii, na lilibaki katikati ya njia.

Na hapo nikazikumbuka sarafu. Niliwahi kuziona Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, siku moja ya mvua nilipoingia kujikinga tu. Ni vipande vya shaba, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vimeota kutu ya kijani. Masultani wa Kilwa walikuwa wakizifua wenyewe, jambo adimu sana kusini mwa Sahara wakati ule, na upande mmoja waliandika jina la sultani, upande wa pili maneno yanayopatana kwa vina na jina lile, kutangaza kwamba mtu huyu anamtegemea Mola wake, mwingi wa fadhila. Ndiyo maandishi ya fedha yao. Hakuna sura ya mfalme wala simba. Anayenunua samaki anamkabidhi muuza samaki ungamo la tawakali, na muuza samaki analipeleka kwa muuza mtama.

Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe. Nyingine za Kilwa aliziokota askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Nilikuwa nikilisikia hilo kama jambo la kujivunia, na ni la kujivunia. Lakini pale ukingoni mwa birika nililiona kwa namna nyingine. Sultani yule aliandika kwamba anamtegemea Mungu kabla hajajua litakalolipata kasri lake. Hakungoja limalizike ndipo amsifu aliyemjaalia kulimaliza. Aliandika mafundi wakiwa bado wanachonga mawe. Mimi nilitaka nifike Lindi kwanza, nitimize ahadi yangu, ndipo niseme Mungu ni wa kutegemewa. Na niliposhindwa kufika nikaanza kumdai.

Sisemi kwamba kuchelewa kwangu kulikuwa na kheri iliyofichika. Watu wazuri wamenieleza hivyo, na labda iko, ila mimi sijaiona, na sitaitunga ili nipate usingizi. Ninachoweza kusema kwa moyo wangu wote ni kwamba namtegemea, na kwamba neno hilo nililianza upya juu ya genge lile la Husuni, upepo wa kusi ukinipiga kofia.

Siku mbili baadaye nikarudi Nangurukuru, nikapanda basi la kwenda Lindi. Kiranjeranje, Mbwemkuru, Kitomanga, Mchinga. Mashamba ya ufuta yalikuwa yanaanza kukauka, mikorosho imekaa kimya ikingoja msimu wake. Lindi nayo ni mji unaojua kungoja. Babu yangu alikuja hapa kufuata reli, ile ya mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ya kutoka Mkwaya, mwisho wa hori la Lindi, kwenda Nachingwea. Karanga hazikukubali ardhi wala mvua za huku kama zilivyokuwa kwenye karatasi, mpango ukavunjwa mwaka 1951, bandari kubwa ikajengwa Mtwara, na miaka ya 1960 hata mataruma yaling'olewa. Babu akabaki, akapanda minazi. Siku hizi wanaongelea gesi ya Likong'o: makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell yalisainiwa mwaka 2022, na mitambo bado haijasimama. Vijana wa stendi wanaitaja gesi kama watu wanavyomtaja mjomba aliyeko Uarabuni. Nawaombea ije kweli, na iwakute wamesoma.

Kitunda nikavuka kwa kivuko cha mchana.

Bibi mmoja, jirani, ambaye ni miongoni mwa waliomuosha mama mkubwa, alinishika mkono hakuuachia. Alinikalisha kwenye mkeka, akanipa muhogo wa nazi, akasubiri nile. Kisha akanieleza jambo ambalo siku ya hitima, kwa wingi wa watu, hakupata nafasi ya kunieleza. Jumapili jioni mama mkubwa alikuwa na akili zake zote. Walipomuuliza kama anataka wanipigie, alisema hapana, mtamsumbua, yupo njiani.

Na nilikuwa njiani kweli. Saa ile nilikuwa Somanga, ndani ya basi, natazama maji.

Aliyeshuka kaburini kwa niaba yangu ni mvuvi wa jarife anayeishi nyumba ya tatu, rika langu, si ndugu wala jamaa. Nilimwomba anipeleke makaburini, tukaenda wawili. Njiani akanieleza yote bila mimi kumchimba. Ardhi ilikuwa imeshiba mvua, na kaburi kila wakilichimba lilikuwa linaingiza maji. Walikuwa vijana sita, wakapokezana ndoo kuyateka, saa nzima na zaidi, mpaka mchanga ukaonekana. Shuka ikashikwa juu ya kaburi kama inavyofanywa kwa mwanamke, maji yakidondoka kwenye pindo zake. Yeye alisimama upande wa kichwa.

"Hakuwa mzito," alisema. Akanionyesha kwa mikono, viganja juu, namna alivyompokea, na namna alivyomgeuza kuelekea kibla. "Nilimwambia pole, mama, mwanao kakwama. Nikamweka taratibu."

Nilikuwa nimedhani mwaka mzima kwamba pale mahali pangu palikuwa wazi. Kumbe palikuwa na mtu, amesimama ndani ya maji, anazungumza naye kwa jina langu. Nilikuwa nimejifanya mimi ndiye mlango pekee ambao rehema ingeweza kumpitia mama mkubwa. Sikulia siku ile niliposema "zikeni," wala siku ya hitima. Nililia hapo, mvuvi akatazama bahari mpaka nikamaliza.

Masika ya mwaka ule yalikuwa yamelititisha kaburi upande wa miguu, pamefanya shimo kama bakuli. Mvuvi alikuja na jembe na ndoo mbili. Nadhani aliliona mapema na alikuwa ananingoja. Mchanga tuliuteka nyuma ya minazi, mahali ambapo si mbali lakini ni kupanda. Yeye anajaza, mimi nabeba. Nilimwaga ndoo ya kwanza vibaya, yote mahali pamoja, akanifundisha kuuzungusha mdomo wa ndoo ili utandae. Ya pili na ya tatu zikamezwa. Ya sita ndiyo iliyoanza kuonekana. Nilipiga magoti nikausawazisha kwa kiganja, nikatoa vipande vya makoa na mzizi mmoja wa mnazi.

Kule chini kivuko cha jioni kikapiga honi. Mvuvi akasimama na ndoo tupu mkononi, akanitazama.

"Utakikosa," alisema.

Nikamwambia ajaze nyingine.